KAZI SI SADAKA



Mtume wetu (S.A.W.) alipojiwa na mwombaji hakumpa sadaka. Alimwuzia vitu viwili vya nyumbani mwake, akamtilia mpini shoka, akamwamrisha akakate kuni. Hiyo ndiyo mizani yetu.

Mwaka 2010 Ufaransa ilianzisha mkataba wa kazi uitwao CUI kwa waliokosa ajira, wakiwamo walioishi kwa posho ya Serikali. Mwajiri alilipa mshahara, na Hazina ikamrudishia sehemu ya kima cha chini: katika biashara hadi 47 kwa mia, katika idara za umma na jumuiya za kheri hadi 95. Mlango ulifunguka, lakini si kila aliyeingia alitoka na ufundi. Mwaka 2018 ukawekwa mkataba mwingine, unaomlazimu mwajiri kumfundisha mtu na kumwongoza.

Fundisho li wazi: fedha ya umma ikimfikia mwajiri pasina mafunzo, anayesaidiwa ni tajiri, maskini ameazimwa miezi tu. Basi twadai visiwani mwetu kila shilingi ya namna hiyo ifuatane na ufundi, na mlango wa kazi ufunguliwe kwa haja ya mtu, si kwa kadi ya chama.