Somo la bahari tunalo, mwalimu wa bahari yuko wapi?

Haya, tuseme ukweli. Tangu Novemba 2018, Nairobi ilipoandaa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi samawati, vijana tumeambiwa kazi ziko majini. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 likaingia sekondari ya juu, na ndani ya mkondo wa STEM kuna somo la Teknolojia ya Bahari na Uvuvi. Kwenye karatasi, mambo ni poa.

Swali ni moja tu: nani analifunza?

Walimu wetu wengi wa sayansi walisomea Biolojia na Kemia, au Fizikia na Hisabati. Bahari waliipita juu juu. Sasa mtu kama huyo akipewa kitabu na chaki, atafanya nini? Atasoma kitabu kwa sauti, wanafunzi wataandika, mtihani utakuja, mchezo umeisha.

Na bahari haifunzwi hivyo. Chukua bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na huko Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, yanakuwa maji mafu. Mvuvi wa Shimoni anajua haya bila kufungua kitabu, jinsi anavyojua kusi na kaskazi. Mwalimu akiweza kuunganisha ujuzi wa huyo mvuvi na nguvu za mvutano, hiyo ni Fizikia tosha, na hakuna atakayesinzia.

Kama unadhani haya ni mambo ya mitihani tu, kumbuka tsunami ya Desemba 26, 2004. Tilly Smith, msichana Mwingereza wa miaka 10, alikuwa likizoni Phuket, Thailand. Aliona maji yakitoa povu kwa namna isiyo ya kawaida, akawaambia wazazi wake tsunami inakuja. Ufuo ukaondolewa watu, karibu 100 wakapona. Alijuaje? Wiki mbili tu kabla ya hapo, mwalimu wake wa Jiografia alikuwa amewafunza dalili zake darasani. Mawimbi ya siku hiyo hiyo yalifika mpaka pwani ya Kenya. Sasa jiulize, ni wanafunzi wangapi hapa kwetu wangezitambua dalili zile?

Najua msee wa Kayole au Pipeline anauliza, "Bahari inanihusu nini?" Inakuhusu, tena sana. Mito ya Nairobi inaingia Mto Athi, Athi inakuwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho wake ni Bahari Hindi, kaskazini mwa Malindi. Ile chupa ya plastiki uliyotupa kwenye mtaro inaweza kuishia huko. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya bara unatia tope maji ambamo matumbawe yanahitaji mwanga. Kwa hivyo mwalimu wa Embakasi anahitaji mafunzo haya kama tu mwenzake wa Kilifi.

Lakini mafunzo gani? Si semina ya siku moja hotelini, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti, kwaheri. Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo sitetei vyeti. Natetea mwalimu kuloa maji. Likizo zipo tatu kwa mwaka. Mpeleke Gazi, Kwale, akae wiki moja. Pale wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewakaa ya mikoko yao tangu mradi uanze 2013, na pesa zimesaidia shule na maji ya kijiji. Apime miti, ahesabu kaa, apime chumvi ya maji, aandike somo lake mwenyewe. Wataalamu tunao: KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, ipo Mombasa tangu 1979.

Halafu kuna pesa. Mwaka 2021, TSC ilipoleta mafunzo ya TPD na kutaka kila mwalimu alipe Sh6,000 kwa mwaka, walimu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Huwezi kumwambia mtu ajilipie ndiyo afanye kazi uliyompa wewe. Wizara inataka uchumi samawati? Basi ilipe nauli, malazi na muda wa mwalimu.

La sivyo, tutakuwa na vijana wenye alama nzuri za uvuvi ambao hawajui saa ngapi maji yanakupwa. Na mwenye meli hataajiri alama.

Wewe je, nani alikufunza bahari, na alikuwa amewahi kuikanyaga?