Wenyeji waongoze matembezi ya Kerio

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu matembezi ya kuongozwa kutoka Iten hadi Bonde la Kerio. Tunalipa pesa nzuri, lakini wengi wanaotuongoza si wenyeji. Juzi kiongozi wetu alipotea njia, akatupitisha katikati ya shamba la mtama uliokuwa ukichipua. Mama mwenye shamba, badala ya kutukaripia, aliweka jembe chini, akatupa maji ya kunywa na kututeremsha mpaka barabarani. Kampuni iliyoandaa matembezi haikumpa hata senti. Iliniuma sana. Vijana wa pale wanazijua njia hizo tangu walipokuwa wakichunga mbuzi. Serikali iwape leseni wao kwanza. Nanyi wasomaji wenzangu, daini kiongozi mwenyeji kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Eldoret