Utani haung'oi viti

Pale njia panda ya Kidahwe, mkoani Kigoma, barabara moja inapoelekea Kasulu na nyingine Uvinza, siku ya Simba na Yanga haipiti bila maneno. Bodaboda wamefunga bendera kwenye vioo vya pikipiki, kibanda umiza kimejaa tangu alasiri, na kesho yake asubuhi tunaanza kuhesabu hasara: nani hasalimiani na nani, nani kapasuliwa kichwa, nani kauza simu kulipa dau. Utetezi wa mambo haya nimeusikia wote, na lawama zinazotupiwa mashabiki nazo nimezisikia. Mengi yanayosemwa pande zote mbili si kweli. Nayajibu kwa sababu mpira ninaoupenda unaharibiwa na watu wanaoapa kwamba wanaupenda kuliko mimi.

"Huu ni utani tu, mwenye hasira ahame mji." Hili ndilo hutangulia kila mara, na ndilo linalohitaji jibu refu, kwa kuwa linajificha nyuma ya jambo jema. Utani wa nchi hii una sheria zake. Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana vizazi na vizazi. Mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke akadai apewe chochote kwanza, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hakuna anayekasirika, kwa sababu mtani huyo ndiye aliyekesha msibani, na ndiye atakayeshika jembe makaburini. Ruhusa ya kumcheka mwenzio inakwenda na wajibu wa kumzika.

Simba na Yanga walirithi utani wa namna hiyo. Yanga walipowafunga Simba mabao 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, vidole vitano vilinyanyuliwa nchi nzima, na muuza dagaa wa Simba akanyooshewa mkono huo usoni siku nzima. Naye akawakumbusha 5-0 ya Mei 2012, na wazee wakachimba 6-0 ya mwaka 1977. Wa Yanga kuitwa Utopolo na wa Simba kuitwa Makolo, mtu kumpelekea mwenzake kitenge cha rangi ya timu iliyomfunga, yote hayo ni matamu na sitaki yaishe.

Ila mtu anayekwenda kupuliza vuvuzela saa sita usiku kwenye mlango wa nyumba anayojua ina mgonjwa hatanii. Mume anayerudi kutoka kibandani timu yake imefungwa, akamgeuzia mkewe kipigo, hana wa kumtania humo ndani. Vijana wanaomzunguka mmoja wanamvua jezi barabarani wanapora. Utani unataka watu wawili wanaoweza kujibizana na kesho yake wakaazimana baiskeli. Mmoja akishindwa kujibu kwa hofu, utani umekwisha na tunazungumzia kosa, na makosa yana kituo cha polisi.

"Naweka dau hela yangu, haihusu jasho la mtu." Nimeona dumu la lita ishirini la mawese likibadili mwenyewe kwa bao la dakika za nyongeza. Mawese yale yalikuwa yanasubiriwa shuleni kama michango ya mtoto, na mama aliyechemsha chikichi na kukamua hakuulizwa.

Yapo pia madai ya upande wa pili, ya wasomi wetu na baadhi ya viongozi wa dini: "Simba na Yanga ni mambo ya Kariakoo, watu wa Kigoma wanaiga tu upuuzi wa mjini." Hapana. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kabla ya reli misafara ilikuwa ikitembea kwa miguu kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wamanyema na Waha walijenga Dar es Salaam pamoja na wengine, na walikuwepo Kariakoo wakati Yanga inaanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka mmoja baadaye. Kitwana Manara na mdogo wake Sunday, mmoja akiitwa Popat na mwingine Computer, ni wa ukoo wenye asili ya huku, na majina yao hayatengani na Yanga ya enzi zao. Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, amekaa langoni kwa Simba na kwa Yanga. Mzee wa Kidahwe anayelia Simba ikifungwa analilia kitu ambacho watu wake walishiriki kukijenga. Kosa si mapenzi yake, na anayeanza kwa kumdharau hatasikilizwa atakapofika kwenye hoja.

Sasa tuje kwenye dai kwamba fujo za uwanjani ni za "wahuni wachache". Tarehe 1 Oktoba 2016 Uwanja wa Taifa, Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo Simba walilalamika kwamba aliushika mpira, kisha nahodha wao Jonas Mkude akatolewa kwa kadi nyekundu. Viti vikaanza kung'olewa na kurushwa. Hesabu ilipofanywa, viti vilivyoharibiwa vilizidi 1,700, na serikali ikazifungia timu zote mbili uwanja ule. Kiti cha uwanjani kimefungwa kwa bolti. Kukitoa kunataka kukanyaga, kuvuta na kupinda, na jirani yako anakuona unavyofanya. Wahuni wachache hawamalizi viti 1,700 kabla ya filimbi ya mwisho. Waling'oa wengi, na wengi zaidi walishangilia au walinyamaza. Mchezo wenyewe uliisha 1-1, Shiza Kichuya akisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja. Bao zuri kama lile leo linatajwa baada ya viti.

Miaka minane baadaye, tarehe 15 Desemba 2024, uwanja uleule ukiwa sasa na jina la Benjamin Mkapa, Simba iliifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1, yote mawili ya Kibu Denis, la pili katika muda wa nyongeza. Vurugu zikazuka baada ya mchezo na viti 256 vikavunjika. Wageni walikuwa na sehemu yao kubwa ya lawama, sibishi. Lakini adhabu ilimfuata mwenyeji: CAF ikaamuru mchezo wa Simba na CS Constantine, Januari 2025, uchezwe bila mashabiki.

Na hapo ndipo dai la "sisi ni mchezaji wa kumi na mbili" lilipopimwa. Simba ilishinda 2-0 mbele ya viti vitupu. Sisemi kelele hazisaidii, zinasaidia sana. Nasema shabiki aliyeifanya timu yake icheze peke yake hawezi kujihesabu miongoni mwa wachezaji wake.

Lakini neno "wahuni" lina ubaya mwingine ulio mzito zaidi: linawaficha wenye dhamana. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ikiikaribisha USM Alger katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF, watu walikandamizana wakiingia Uwanja wa Mkapa. Mmoja alifariki na takriban 30 wakajeruhiwa. Watu waliokuwa wakitafuta mlango wa kuingilia walibebeshwa jina moja na wavunja viti, siku hiyohiyo, kwenye vijiwe hivihivi. Fujo ni jambo moja na msongamano ni jambo jingine. Fujo anaulizwa aliyeshika kiti, msongamano anaulizwa aliyepanga mageti, aliyeuza tiketi na aliyetakiwa kuyafungua mapema. Accra, Mei 2001, watu zaidi ya 120 walikufa katika mchezo wa Hearts of Oak na Asante Kotoko baada ya polisi kujibu viti vilivyorushwa kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia mageti yaliyokuwa yamefungwa. Pale walikuwepo wavunja viti, na hawakuwa wao waliofunga mageti. Anayetupa lawama zote kwa mashabiki anatayarisha msiba mwingine.

Wapo wanaowatetea makomandoo: "Wanailinda timu dhidi ya hujuma." Mnaowajua makomandoo mnajua ninachozungumzia, wale vijana wenye misuli wanaosimama mlangoni mwa vyumba na kukagua nyasi kabla ya mchezo. Machi 2025 Simba walisema walizuiwa na walinzi wa upande wa Yanga kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mchezo, haki ambayo kanuni inampa mgeni. Simba wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo wa tarehe 8, na ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Yanga walishinda 2-0. Tuweke kando nani alikuwa na haki. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Aliyetoka huku kwa nauli ya kuchanga, akalala kwa ndugu Mbagala, alirudi bila kuona mpira ukiguswa. Ulinzi wa namna hii ulimlinda nani? Uwanja una askari na mchezo una kamisaa. Mlango ambao mgeni ana haki ya kupita haumhitaji komandoo.

"Msemaji anasema uchungu wetu." Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa nyumbani kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee. Haji Manara, mtoto wa Sunday, alikuwa msemaji wa Simba, na kwa miaka kadhaa maneno yake juu ya Yanga yalirudiwa hapa Kidahwe kana kwamba ni aya. Siku chache baada ya fainali ile aliachana na Simba, na mwezi uliofuata akatambulishwa Yanga. Simlaumu kwa hilo. Ana kipaji, na mtu ana haki ya kubadili mwajiri. Ninaowahurumia ni marafiki wawili waliogombana kwa kutumia maneno yake, maana yeye alikwisha vuka na wao hawasemeshani. Msemaji, awe wa timu gani, yuko kazini. Maneno yake yana mkataba wenye mwanzo na mwisho, na ujirani wako hauna.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Mashujaa ni timu ya jeshi, si yetu." Timu za zamani za Kigoma zimebaki kwenye masimulizi ya wazee. Leo mkoa una timu Ligi Kuu, iliyopanda mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City kwenye mchujo. Aprili 2024 Mashujaa iliing'oa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwa penalti 6-5 palepale Lake Tanganyika. Novemba mwaka huohuo Simba ilirudi na kushinda 1-0 kwa bao la Steven Mukwala, muda wa nyongeza ukiwa umekaribia kwisha. Siku ya mchezo kama huo Hiace zinapita Kidahwe zimejaa watu wa Kasulu na Uvinza, vijana wamekaa madirishani miguu nje, na jezi ni nyekundu tupu. Wakija Yanga ni njano na kijani. Vijana wa Mashujaa wanatoka nje kupasha misuli, na wanazomewa nyumbani.

Sidai mtu aache timu aliyorithi kwa baba yake. Nasema kwamba Simba na Yanga wanakuja huku mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote ligi inayochezwa Kigoma ni ya Mashujaa. Kijana wa hapa mwenye mguu mzuri atasajiliwa kirahisi zaidi na timu inayofanya mazoezi mwendo wa daladala kutoka kwao. Kwamba mmiliki ni jeshi si hoja. Wanaoishi na timu hiyo ni sisi, na tunaweza kuijazia nusu ya jukwaa siku inapocheza na timu isiyo na jina kubwa.

La mwisho husemwa kila baada ya fujo: "Yafutwe matawi." Hapa nitasimama upande wa mashabiki. Tawi la kijijini lina mwenyekiti, katibu, daftari la wanachama na mfuko wa kufa na kuzikana. Mwanachama akilazwa hospitali ya Maweni, daftari ndilo linalozunguka. Ukilifuta, watu hawataacha kushangilia. Watabaki kundi lisilo na jina la mtu wa kumwita. Daftari hilohilo ndilo linaloweza kumtaja aliyekaa dirishani mwa Hiace na aliyempiga mwenzake chupa, na kumfungia safari za tawi msimu mzima. Lakini mwenyekiti wa tawi la Simba hatamfungia mtu wake akijua mwenzake wa Yanga anamkumbatia wa kwake. Kwa hiyo wakae wote wawili, pale pale njia panda, kabla ya mchezo ujao wa watani, wakubaliane majina watakayoyafungia kwa pamoja, na kila mmoja aanze na la upande wake.