Kioo Hakigeuzi Kushoto na Kulia

Wako walimu, na baadhi yao nimewafunza mwenyewe, wasimamao mbele ya watoto wakatamka kwamba kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Hutamka hivyo kana kwamba ni amri ya serikali. Mimi siafiki.

Simama barazani, ndugu msomaji, ukitazama kioo kilichotundikwa ukuta wa kaskazini. Inua mkono ulio upande wa mashariki. Mkono unaoinuka kiooni uko mashariki vilevile. Kichwa kiko juu, miguu iko chini. Kilichogeuka ni kimoja tu: wewe umeelekea kaskazini, naye wa kiooni ameelekea kusini. Kioo hugeuza mbele kuwa nyuma, basi. Habari ya kushoto na kulia tunaileta sisi, kwa kuwa tunamdhania yule kuwa mtu aliyezunguka akaja kutukabili, kama watu wakutanavyo sokoni. Laiti desturi yetu ingekuwa kukabiliana kwa kupiga kichwangomba, tungesema kioo hugeuza juu kuwa chini.

Mbishi ataleta kitabu: mbona maandishi husomeka kinyume? Kwa sababu umekigeuza mwenyewe ili kielekee kioo. Andika jina lako kwa wino mzito juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kishike mbele yako ukilisoma, kisha litazame katika kioo cha ukutani. Utalisoma sawasawa.

Swali hili nililisikia kwa mtoto wa darasa la sita, nikiwa nimeketi nyuma ya darasa kumpima mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mtoto aliuliza kwa nini kioo kigeuze kulia na kushoto, kisigeuze juu na chini. Mwanachuo akamjibu kwamba hilo halimo katika mtihani, akamketisha. Darasa likacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikampa mwanachuo yule alama za juu kwa kulitawala darasa. Jibu sikuwa nalo siku ile, na nadhani hiyo ndiyo sababu halisi.

Tena sisi Watanzania hatuna udhuru. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu hakumwamini, wenzake walimcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza shuleni. Huyu hakumfukuza, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lile hutokea kweli, lakini wanabishana kwa kupima, si kwa kuketishana.

Naambiwa silabasi ni ndefu na madarasa yamejaa. Najua, nimeyaongoza hayo madarasa. Lakini jaribio la kipande cha kioo huchukua dakika tano, na mwalimu atumiaye dakika kumi kuwanyamazisha watoto asiniambie habari za muda.

Mwenzangu mmoja, mstaafu kama mimi, bado anashikilia kwamba kioo hugeuza mikono. Nimemwandikia jina lake juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nimekiweka barazani kwangu. Mpaka leo hajaja kulisoma.