Chujio si Pambo la Sebuleni, na Shawa ya Moto si Fahari



Leo sizungumzii liwa wala singo. Nina jambo litakalowaudhi baadhi yenu, na mimi mwenyewe limo, kwa sababu nimelifanya. Tunawapeleka mabinti zetu kwenye ndoa na chujio la maji wasilojua kulifungua, na shawa ya umeme wasiyojua kwamba inaweza kuua mtu. Kisha tunapiga vigelegele.

Mimi ni fundi cherehani. Niko Matombo, huku milima ya Uluguru, barabara ya Bigwa kwenda Kisaki. Nguo za harusi ndiyo biashara yangu. Vitambaa navifuata Kariakoo, na mara moja moja navuka bahari mpaka Darajani, maana dada yangu ameolewa Unguja. Kwa hiyo zawadi za bibi harusi nimeziona za bara na za visiwani. Siku hizi hazikosi vitu viwili: chujio linalong'aa, na hita ya maji.

Mteja wangu mmoja nilimshonea shela, na siku ya kuonyesha zawadi chujio lake lilisifiwa kuliko kitanda. La chuma cheupe, la ngazi mbili, na kibomba chake. Baada ya miaka mitatu nilikwenda kumpima nguo ya akika ya mtoto wa pili. Chujio liko sebuleni, limevalishwa kitambaa cha kufuma. Mtoto wa kwanza ndiyo kwanza ametoka kuharisha, mara ya tatu mwaka ule.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hili hulifungua kila baada ya muda gani?"

Akaniangalia. "Kwani dada, linafunguliwa?"

Tukalifungua. Lile jiwe jeupe la ndani, linalofanana na mshumaa mnene, lilikuwa la kahawia na linateleza. Chini ya ndoo ya juu kuna mchanga. Na nati ya kushikia jiwe ilikuwa imelegea, maji yanapita pembeni bila kuchujwa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyomuumiza mtoto, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kwa miaka mitatu mama yule alikunywa maji ya mtoni akiamini amekunywa maji safi. Asingekuwa na chujio angalau angeogopa, angechemsha.

Ndiyo maana nasema chujio lisilotunzwa ni baya kuliko kukosa chujio. Linakuondolea tahadhari, na uchafu unakuachia.

Najua jibu la watu wa kwetu: maji ya mlimani ni safi, mabibi zetu waliyanywa. Ndugu zangu, maji yetu ni ya mserereko, yanateremka kutoka juu mpaka bombani. Juu yangu kuna shamba, juu ya shamba kuna nyumba, na juu ya nyumba kuna choo. Masika yakianza, bomba linatoa rangi ya chai ya maziwa. Maji ya milima hii ndiyo yanayojaza mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, na kule hawayanywi hivi hivi. Yanapita kwanza kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yakasafishwe. Ni kweli sisi tuko juu na wao wako chini, yao yamechafuka zaidi. Lakini kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 hakikubaki Dar. Kilifika Morogoro, kikavuka na bahari mpaka Zanzibar. Ugonjwa ule hauulizi kama unakaa mlimani au ufukweni.

Na nyinyi wa visiwani msicheke. Maji yenu ya visima yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Angalieni ndani ya majagi yenu ya umeme, ule ukoko mweupe. Sisi tope linaziba machujio, nyinyi chokaa kinakula hita.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi hasa: "Hayo ni mambo ya wanaume." Mimi nina cherehani. Naitia mafuta, nabadilisha sindano, nasafisha vumbi la nyuzi chini ya meno, na ovaloki yenye nyuzi nne naitunga mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia nimsubiri mume wangu anibadilishie sindano. Basi mwanamke anayeweza kutunga ovaloki anashindwaje kufungua nati moja ya plastiki? Nani anayechota, nani anayechemsha, nani anayekesha na mtoto anayetapika? Kwetu Uluguru hata ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Ukoo wote umekabidhiwa mwanamke, halafu jiwe la chujio ndiyo liwe zito kwake?

Na lawama hii haiishii kwa bibi harusi. Somo anakaa na mwali siku nzima, anamfundisha kukaa na mume, kujifukiza, kupokea wageni. Hamwambii neno moja juu ya maji atakayokunywa na kuogea. Kamati ya kicheni pati inachanga pesa ya chujio kubwa ili lionekane kwenye picha, na jiwe la akiba hainunui. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kamati hizo. Nilichagua rangi ya chujio ifanane na mapazia.

Basi nisilaumu tu, niwape nilichojifunza.

Chujio likianza kuwa zito, maji yanadondoka kidogo kidogo, maana yake jiwe limeziba. Nawa mikono kwa sabuni, litoe, lisugue taratibu kwa brashi laini chini ya maji safi mpaka lirudi jeupe. Sabuni usitie kwenye jiwe, italowea ndani na ladha yake utainywa. Ndoo ya chini na kibomba ndivyo vya kuosha kwa sabuni na kusuuza vizuri, maana maji safi yakiingia kwenye ndoo chafu umefanya kazi bure.

Chujio likianza ghafla kwenda haraka, usishangilie. Hilo ndilo la kuogopa. Jiwe limepata ufa, au nati na mpira wake vimelegea.  Kaza nati. Likiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, litupe. Haligundishwi kwa gundi. Na kila ukilisugua linapungua unene, kwa hiyo hata zima lina siku yake ya kubadilishwa.

Maji ya tope usiyamimine moja kwa moja. Yaache yatulie usiku kucha, kisha yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Bibi zetu waliponda mbegu za mlonge kutuliza tope, na wengine shabu. Vitu hivyo vinatuliza tope, haviui vijidudu vyote. Na hata jiwe zima linakamata bakteria, virusi ni vidogo mno, vingi vinapenya. Kwa hiyo maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa yachemshe hata baada ya kuchuja, yatokote kweli kweli walau dakika moja, kisha yafunike. Ukiniambia huna pesa ya chujio, nitakwambia chemsha, weka kwenye chombo safi chenye kifuniko, na kikombe usichovye. Hujapungukiwa kitu mbele ya mwenye chujio la kung'aa.

Sasa hita. Hapa naomba mnisikilize kama dada yenu.

Huku kwetu alfajiri ya mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kuuma mifupa, na mwanamke ana josho lake. Ana janaba, ana kutoka hedhini, ana kutoka nifasi, na sala haimsubiri. Dini yetu si ya kututesa. Tunakijua kisa cha swahaba Amr bin Al-As, aliyechelea kuoga kwenye baridi kali akatayamamu, akawasalisha wenzake, na Mtume (S.A.W) hakumlaumu. Lakini ile ni dharura, si mazoea ya mwenye uwezo wa kupasha maji. Kwa hiyo mtu asiniambie hita ni anasa ya mke mvivu. Mwanaume anayesema hivyo aulizwe nani aliyemwashia moto wa kuni saa kumi usiku miaka yote hii.

Hita ni haki. Lakini ifungwe kwa haki.

Mimi shawa yangu ilianza kwa kunichoma vidole kila nikishika koki. Nikadhani ni ukurutu. Siku moja nina povu kichwani nikashika bomba la chuma, nikapigwa shoti mkono mzima mpaka begani. Alhamdulillah nilikuwa mlangoni, nikaanguka nje. Fundi wa pili alipofungua akakuta waya wa kijani wenye mistari ya njano umekatwa na kukunjwa juu ya dari. Fundi wa kwanza aliniambia, "Huo hauna kazi, mama." Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, usipite mwilini mwako. Nilimlipa mtu anifungie kifo bafuni, nikamshukuru na chai nikampa.

Shawa nyingi hizi ni za wati 5,500. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya, utapata karibu ampia 24. Mzigo huo hauchukuliwi na waya mwembamba wa taa, wala na ekstensheni. Unataka waya wake peke yake kutoka meni swichi, mnene, wa milimita za mraba 4 kwa uchache na 6 ndiyo salama zaidi, na sakiti breka yake. Waya ukipata moto au ukanuka, zima, usioge. Kuna na kifaa cha kukata umeme unapovuja kabla haujamuua mtu, kile cha miliampia 30. Kinagharimu pesa kidogo kuliko keki ya harusi.

Maji yakitoka baridi usikimbilie kununua shawa mpya. Angalia kwanza breka kama imeanguka. Ikianguka tena baada ya kuirudisha, acha, ita fundi. Kama iko sawa, angalia nguvu ya maji: yakiwa machache, shawa haiwaki. Zima umeme kwenye meni swichi, fungua kile kisahani chenye matundu, toa mchanga. Wa Unguja kilowekeni kwenye siki au ndimu, chokaa kitaachia. Maji yakikatika na kurudi, yaache yatiririke kwanza ya baridi ndipo uwashe, maana koili ikiwaka bila maji inaungua. Ukishafanya yote hayo na bado ni baridi, huenda koili imekufa. Ya waya hayo mwachie fundi mwenye ujuzi. Sisemi tuwe mafundi umeme, nasema tujue cha kumuuliza.

Na ile hita ya kutumbukiza ndooni, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoimudu: itumbukize kwanza ndipo uwashe. Usiitie kwenye ndoo ya bati. Mtoto asikaribie. Na kamwe usipime joto kwa mkono ikiwa inawaka. Zima, chomoa plagi, itoe, ndipo uguse maji. Kila siku hivyo hivyo, hata ukiwa na haraka ya sala.

Bibi harusi mtarajiwa, kabla hujakabidhiwa nyumba muulize mchumba wako, au mwambie kaka yako amuulize kama unaona haya: bafuni kuna waya wa ardhi? Hita ina breka yake? Jiwe la akiba la chujio liko wapi? Akikuona mjuaji, afadhali akuone mjuaji ungali hai. Mama mkwe akisema bibi harusi huyu ana makuu, mpe kwanza glasi ya maji kutoka kwenye chujio uliloliosha mwenyewe.

Na kina mama wa kamati, mwaka huu tupunguze kitambaa cha meza ya maharusi mita tano. Mita hizo nitazikosa mimi mshonaji, na nimeridhia. Pesa hiyo inunue jiwe la akiba, brashi, na ujira wa fundi wa saa moja kuja kumwonyesha bi harusi nyumba yake kabla hajalala ndani yake.

Yule mteja wangu tulilisugua chujio pamoja, jiwe moja likaonekana na ufa tukalitupa. Juzi kaniletea kitambaa cha Idi. Kabla hata sijamuuliza habari za watoto akaniambia, "Dada, jana nimelifungua."

Allah atujaalie maji safi, nyumba salama na ndoa zenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.