Amri ya kufuta shauri iseme na njia ya kulirejesha

Saa tatu asubuhi, nje ya chumba cha baraza la ardhi, karani anaita majina. Anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdaiwa yupo, mdai haonekani. Dakika chache baadaye shauri la kiwanja lililosikilizwa kwa muda mrefu linafutwa. Saa tano mdai anaingia akihema. Basi liliharibika njiani. Anaambiwa, "Mama, shauri lako limeshafutwa." Anashukuru, anageuka, anarudi kwao akiamini kiwanja kimekwenda.

Hatulalamikii kufutwa kwa shauri. Mdaiwa naye ameacha shughuli zake, amelipa nauli, pengine amelipa na wakili. Wapo wanaofungua mashauri ili kuwasumbua wenzao, kisha hawafiki. Mahakama isipofuta mashauri ya watu hao, foleni haitaisha. Tunacholalamikia ni kwamba yule mama ameondoka bila mtu yeyote kumwambia kuwa shauri lake linaweza kurejeshwa.

Sheria imemwachia nafasi. Chini ya Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, mdai ambaye shauri lake limefutwa huku mdaiwa akiwa amefika haruhusiwi kufungua jipya kwa madai yale yale. Anachoweza ni kuiomba mahakama ile ile iondoe amri yake, akionyesha sababu ya kutosha ya kutofika. Mahakama ikikubali, inaweza kumtaka alipe gharama alizomsababishia mwenzake. Kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, Kanuni za 2003 zinampa siku 30 za kuomba hivyo.

Siku 30 huisha upesi kwa mtu asiyejua kwamba zinahesabiwa. Wengi hukimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya mkuu wa wilaya. Wengine huandika barua za malalamiko, au hufungua shauri jipya ambalo nalo hutupwa. Wakija kupata wa kuwaelekeza, muda umepita, na sasa wana maombi mawili badala ya moja: kwanza waongezewe muda, ndipo waombe shauri lirejeshwe. Huko nako Mahakama ya Rufani imekuwa na msimamo mkali kwa miaka mingi: kila siku ya kuchelewa lazima itolewe maelezo.

Kuna na suala la ushahidi. Kuandika kwenye hati ya kiapo kwamba "niliugua" hakutoshi. Kunatakiwa cheti cha hospitali chenye tarehe ya siku ile. Aliyekwama njiani ahifadhi tiketi ya basi. Anayesema karani alimpa tarehe isiyo sahihi anatarajiwa kuleta kiapo cha karani huyo pia. Na anayemtupia lawama wakili wake ajue kwamba, kwa kawaida, uzembe wa wakili hauhesabiwi kuwa sababu ya kutosha. Mambo haya mawakili wanayajua. Mkulima anayejisimamia mwenyewe atayajulia wapi?

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja lisilohitaji bajeti wala sheria mpya. Kila amri ya kufuta shauri kwa kutofika iwe na aya fupi ya Kiswahili chepesi inayotaja mambo manne: kwamba mhusika anaweza kuomba shauri lirejeshwe, anaomba wapi, ndani ya siku ngapi, na aje na nini. Nakala imfikie mdai aliyekosekana, na kama namba yake ya simu imo kwenye jalada, atumiwe ujumbe siku hiyo hiyo. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Hii ni nafasi nzuri ya kukitumia kwa faida ya mwananchi.

Katiba inaelekea huko huko. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ibara hiyo hiyo inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, na ndiyo maana hatuombi siku 30 ziongezwe. Tunaomba zijulikane tangu siku ya kwanza.

Wenye mashauri nao wana wajibu. Ukipata dharura, mpigie wakili wako au mtume ndugu aitaarifu mahakama kabla jina halijaitwa. Ukikuta shauri limefutwa, usiondoke bila kuomba nakala ya amri, kisha nenda kwa wakili au kwa msaidizi wa kisheria wa eneo lako, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo.

Mwenye kesi ya hila hatapata faida yoyote kwa aya hii, kwa sababu bado atatakiwa kuthibitisha sababu yake mbele ya mwenzake. Atakayenufaika ni yule mwenye sababu ya kweli na cheti mkononi, ambaye leo anapoteza haki yake kwa kutojua tu. Mahakama na mabaraza yaanze kuiandika aya hiyo sasa.