Kipima joto nacho kipimwe

Mama wa Lac Vert akipeleka mtoto kwenye kituo cha afya, haangalii ndani ya frigo. Anamwamini muuguzi, na muuguzi anaamini kipima joto. Lakini kipima joto chenyewe kilipimwa na nani?

Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya digri 2 na 8. Joto huharibu ile ya surua. Penta huharibika ikiganda. Kipima joto kikizidisha digri 4, kitaonyesha 3 wakati chupa ziko chini ya sifuri. Kibandiko cha chupa hubadilika kwa joto tu, hakisemi lolote juu ya kuganda. Mtoto atachomwa sindano, karatasi yake itaandikwa, na kinga hatakuwa nayo. Hapa mtaani, ambapo vita vilileta wakimbizi wengi, surua haikawii kuenea.

Katika maabara kubwa, namba haiaminiwi kabla ya kujaribiwa. Kuna mashine za sumaku zinazochunguza vitu vigumu kwa kuvizungusha maelfu ya mara kwa sekunde. Msuguano hupasha sampuli joto, lakini kipima joto kiko nje na kinasoma hewa tu; tofauti inaweza kufika makumi ya digri. Kwa hiyo wataalamu huanza na unga wa nitrati ya risasi, ambao ishara yake husogea pamoja na joto kwa kiasi kinachojulikana. Ndipo wanajua chombo chao kinakosea kiasi gani.

Sisi barafu inatutosha. Iponde, uongeze maji safi kidogo, ukoroge: hapo ni digri 0, iwe Goma au Mombasa. Maji ya kuchemka hayafai; huku kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye digri 95 hivi. Zamisha ncha ya kupimia dakika chache. Ikisoma 2, andika kwenye mlango wa frigo: «punguza 2».

Wengine watasema shida yetu ni umeme na vita. Ni kweli. Ila frigo yenye umeme na kipima joto kinachodanganya inaharibu chanjo kimyakimya. Zone za afya zidai jaribio hili kila mwezi, tarehe iandikwe mlangoni, na mzazi aruhusiwe kuisoma.